Foleni ya Kisorya: kwa nini alianguka mbwa mwepesi

Mbwa wawili walikuwa ndani ya gari moja, mchana mmoja, madirisha yamefungwa kwa wote. Bosi ni dume la Boerboel, kilo 61, shingo nene, pua fupi. Tausi ni jike, chotara wa German Shepherd, kilo 34, pua ndefu, miguu ya kukimbia. Mlango ulipofunguliwa Bosi alishuka akihema kwa nguvu, akanywa bakuli zima la maji, akajilaza kivulini. Tausi hakushuka. Alibebwa.

Yeyote anayefuga mbwa wakubwa atakwambia joto humwonea mnene kabla ya mwembamba, na mwenye pua fupi kabla ya mwenye pua ndefu. Ni kweli kabisa. Basi kwa nini siku ile mambo yalikwenda kinyume? Natibu mbwa na paka hapa Mwanza, na nimeona mara nyingi jinsi kisa cha namna hii kinavyofungwa kwa maneno mawili, "joto kali", kisha watu wanaendelea na safari zao. Jibu hilo halimkingi mbwa wa mtu mwingine. Wenye mbwa wameniruhusu nieleze kisa chao chote, majina yao nayaacha.

Gari lenyewe

Ni mzee na mkewe, wote wastaafu. Watoto wako Arusha, ndugu wa mama wako Ukerewe, na hakuna mtu wa kuachiwa mbwa wawili wanaomaliza sufuria ya ugali kwa siku. Gesti hazipokei mbwa wa ukubwa ule, na hata zikipokea, wageni wengine watahama usiku huohuo. Kwa hiyo walinunua Coaster kuukuu, wakaipeleka kwa mafundi wa bodi, ikageuzwa nyumba. Viti vyote vya abiria viling'olewa isipokuwa viwili. Nyuma kikawekwa kitanda, ubavuni jiko la gesi la plati mbili na sinki dogo, chini tangi la maji, juu ya paa paneli za sola zinazoendesha taa, friji ndogo na feni mbili. Kuta za ndani zilipigwa plaiwudi, ikapakwa vanishi ikang'aa.

Naliheshimu sana wazo hilo. Wengi wakipata safari humfunga mbwa uani na kumwachia kijana wa jirani, akumbuke kumpa maji au asikumbuke. Hawa wawili waliamua kwenda na wao. Ila nilipoingia ndani ya gari lile baadaye na kulikagua, kitu kimoja kilinijia haraka: kila chombo kilikuwa na mahali pake, sufuria zina ndoano, viatu vina kisanduku, mbwa hawana pa kukaa. Walikuwa walale "hapo katikati", kwenye kipande cha godoro.

Hapo katikati Bosi alipapenda. Tausi hakupapenda, kwa sababu Tausi hamwachi mama. Mama hukaa mbele, upande wa abiria, na katika Coaster injini iko hapohapo mbele, kati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko kilichoinuka ndani ya gari. Dereva wa daladala yeyote anakijua kifuniko kile, anajua pia jinsi kinavyochoma mguu mchana. Tausi alilala amekiegemea njia nzima.

Siku ya safari

Mpango ulikuwa waondoke Mwanza saa kumi na moja alfajiri, wapite Magu na Lamadi hadi Bunda, wakate kushoto kwenda Kisorya, wavuke kwa kivuko hadi Rugezi, wafike Nansio kabla jua halijapanda. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini mtungi wa gesi haukuwa umejazwa, na ndugu wa Ukerewe walikuwa wameagiza vitu vya mjini, wakasubiri maduka yafunguliwe. Waliondoka saa tatu na nusu. Mbwa walikuwa wamekula asubuhi, ugali na mchuzi wa mapanki, kwa sababu ndiyo saa yao ya kula nyumbani.

Chakula hicho hakikuhusika na lililotokea, lakini nilimwambia mama kwamba ndicho kilichonitisha kuliko vyote aliposimulia. Mbwa mwenye kifua kirefu na tumbo lililojaa, akirushwarushwa na barabara, kisha akashuka akanywa maji mengi kwa pupa, yuko katika hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda. Dalili yake ni mbwa anayejikamua kutapika na hakitoki kitu, huku ubavu umevimba na kuwa mgumu. Hapo ni upasuaji ndani ya saa chache au kifo, na katika miji mingi midogo njiani upasuaji huo haupatikani. Mbwa mkubwa apewe chakula jioni, gari likishasimama kwa usiku. Na mifupa ya sangara ibaki jikoni.

Walifika Kisorya saa saba. Malori yalikuwa mengi mbele yao, ikawa wasubiri kivuko kiende na kurudi. Mzee akazima injini, na kiyoyozi kikazimika nayo, kwa sababu kinaendeshwa na injini. Madirisha yalifunguliwa yote, na hadi hapo hakuna kilichoharibika.

Kisha wakaja wachuuzi, kama wanavyokuja kwenye kila foleni ya kivuko: karanga, ndizi, samaki wa kukaanga. Msichana mmoja alisogea dirishani na sinia la karanga kichwani. Bosi akatoa kichwa chote nje akabweka mara moja. Sinia likaanguka, karanga zikamwagika mchangani, watu wakaanza kupiga kelele kwamba mbwa kama huyo haletwi palipo na watoto. Mzee alishuka, akaomba radhi, akalipa karanga zote, akafunga madirisha, akaacha nafasi ya vidole viwili juu. Halafu wakaenda yeye na mama kwenye banda la mama ntilie lililokuwa karibu, wakaagiza ugali na sato. Gari walikuwa wanaliona.

Nataka hapa msomaji atulie kidogo. Madirisha yale yalifungwa kwa ustaarabu. Watu wa huku kwetu wanawaogopa mbwa wakubwa, na wana sababu: wengi wamekulia mahali ambapo mbwa asiyejulikana anaweza kuwa na kichaa. Kuna pia wasiotaka mate ya mbwa yaguse nguo zao kwa ajili ya ibada. Mwenye mbwa anayewajali majirani atafunga dirisha. Kwa hiyo ukimwambia mtu "usifunge dirisha" tu, hujamsaidia kitu, maana siku ya foleni atalifunga. Ushauri wenye maana ni ule unaomwezesha kuliacha wazi bila mbwa kutoa kichwa, na huo unaanzia kwa fundi wa bodi, gari likiwa bado gereji. Nitaurudia.

Ndani ya gari lililofungwa

Mwanza haina sifa ya joto. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ziwa linapuliza, na mtu aliyetoka Dar es Salaam huja akashukuru. Hili ndilo linalotudanganya. Utafiti uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2005 ulipima magari yaliyoegeshwa juani siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi kati ya 22 na 36. Ndani ya saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, ilitokea katika dakika 30 za kwanza. Kuacha madirisha wazi kidogo hakukubadilisha lolote la maana. Coaster si gari dogo, lakini ina vioo pande zote, na mchana wa Kisorya wa nyuzi 29 unatosha kabisa.

Zile feni mbili zilikuwa zinazunguka muda wote, na mzee alinitajia hilo kwa uchungu, kwamba aliwaachia feni. Feni haileti baridi. Inasogeza hewa iliyopo, na hewa ikiwa imefungiwa, inasogeza joto lilelile.

Halafu liko jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ana tezi chache tu nyayoni. Anajipooza kwa kuhema: unyevu wa ulimi, koo na pua unakauka na kuondoka na joto. Ili unyevu ukauke, hewa lazima iwe na nafasi ya kuupokea. Kandokando ya ziwa hewa tayari ina unyevu wake, hasa wiki zile za kuelekea mvua za vuli. Sasa fungia humo mbwa wawili wenye jumla ya kilo 95, wote wanahema. Kila pumzi inaongeza mvuke ndani ya gari. Baada ya muda vioo vinaanza kuwa na ukungu na kuhema kunakuwa kazi bure, tena kazi inayozalisha joto lake yenyewe, kwa sababu misuli ya kifua haipumziki.

Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Akivuka 41 katika hali kama hii, utumbo, figo na damu yenyewe vinaanza kuharibika.

Alipotolewa

Mama alirudi kuwapa maji, akamkuta Tausi amelala ubavu karibu na kile kifuniko cha injini, ulimi umekuwa mwekundu wa kukoza, mate mazito yanavutika kama uzi. Walimshusha. Alijaribu kusimama, akayumba, akaanguka, na mzee alipomshika akamng'ata mkono, si kwa hasira, ni kwa kutojitambua. Jino lilichana ngozi.

Hapo umati ukabadilika. Mbwa anayetoka mate, anayeyumba, anayeng'ata mwenye wake: kwa mtu wa kanda hii picha hiyo ina jina moja. "Kichaa! Ana kichaa huyo!" Vijana wakaokota mawe. Siwalaumu hata kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na wazazi wa Bunda, Magu na Serengeti wanalijua hilo kwa kuzika. Aliyewaokoa wote ni dereva mmoja wa Fuso, mtu mzima, aliyesimama katikati akauliza: "Mama, mbwa wako wamechanjwa? Karatasi unayo?" Mama alikuwa nayo kwenye mkoba. Kadi za chanjo za mbwa wote wawili, zenye muhuri na tarehe ya mwaka huohuo. Dereva akaisoma kwa sauti, tarehe na kila kitu, mawe yakashuka chini.

Wengi huichukulia kadi ya chanjo kama karatasi ya kumwonyesha afisa mifugo anayetoa kibali cha kusafirisha mnyama. Basi iwekwe pale mkono unapofika haraka, si chini ya kitanda.

Ndipo mama alinipigia.

"Daktari, Tausi anakufa. Watu wanasema kalishwa sumu, tumnyweshe maziwa?"

Nikamwambia maziwa hapana, na maji ya kinywani hapana pia, kwa sababu mbwa asiyejitambua hawezi kumeza, yataingia mapafuni. Mzee akauliza kwa nyuma kama ampe Panadol. Hapana tena. Homa ni ubongo wenyewe unaoamua kupandisha joto, na dawa ya homa inazungumza na ubongo. Hapa ubongo haujaamua kitu, mwili umezidiwa na joto la nje, dawa hiyo haina kazi ya kufanya. Isitoshe dawa nyingi za maumivu za binadamu zinamdhuru mbwa.

Kuna kijana alishauri wambebe wamtumbukize ziwani, lilikuwa hatua chache tu. Nilikataa. Mbwa asiyeweza kusimama atazama, mamba wapo kwenye ziwa hili, na maji ya ufukweni yenye majani ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho, tena mchana ndipo vijidudu vyake vinatoka kwa wingi. Nikawaomba watumie maji ya tangi la gari, waliyotoka nayo mjini.

Walimlaza kwenye kivuli cha lile Fuso. Mzee anamimina maji kwa jagi, taratibu lakini bila kukoma, tumboni, kwapani, kifuani, huku vijana wawili waliokuwa na mawe dakika chache kabla wanampepea kwa maboksi yaliyofunguliwa. Mama akataka kumfunika khanga iliyoloa. Nikamwambia aitoe: kitambaa kilicholowa kikikaa juu ya manyoya kinapata joto upesi, kinakuwa blanketi. Maji yapite, upepo upite juu yake. Mama alikuwa na kipimajoto cha kidijitali, kile cha homa za wajukuu. Kupitia njia ya haja kubwa kilisoma 41.8. Baadaye 40.9. Baadaye 40.2. Kilipofika 39.5 nikawaambia waache kumwagia, wamkaushe kidogo, kwa sababu mwili huendelea kushuka wenyewe na unaweza kupitiliza upande wa pili.

Kumpooza kwanza, kumsafirisha baadaye. Wangekimbia naye Bunda bila kumpooza, angefika amekufa.

Mkono wa mzee ulioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Tausi alikuwa amechanjwa, na alikaa chini ya uangalizi siku 10 kama inavyotakiwa, lakini jeraha la mbwa halisubiri uhakika.

Swali la kwa nini Tausi

Walirudi Bunda, mwenzangu akamwekea dripu, na usiku wakamleta Mwanza. Hatua hii watu wengi huiruka wakiona mbwa amesimama na kutikisa mkia. Madhara ya joto yanaweza kuchelewa siku moja hadi tatu: figo kugoma, damu kushindwa kuganda, kuhara damu. Kwa hiyo alilazwa, mkojo wake ukaangaliwa kila ulipotoka, na damu ikapimwa.

Damu ndiyo iliyofungua kisa. Mbwa aliyepigwa na joto amepoteza maji, kwa kawaida damu yake inakuwa nzito, kiwango cha chembe nyekundu kinaonekana kimepanda. Ya Tausi ilikuwa nyepesi, chembe nyekundu pungufu tangu sampuli ya kwanza iliyochukuliwa kabla ya dripu. Chembe za kugandisha damu nazo zilikuwa chache. Hizo chembe za kugandisha peke yake zisingenishawishi, kwa sababu joto lenyewe linazishusha. Lakini upungufu wa damu kwa kawaida hautokei katika mchana mmoja bila mbwa kutoka damu. Huo alikuja nao.

Nilimkalisha mama chini nikamuuliza upya. Tausi alikuwa amekonda kidogo, wakadhani ni ujike. Kwenye mwinuko wa kurudi nyumbani jioni alikuwa anasimama njiani kupumzika, yeye ambaye zamani ndiye aliyekuwa akivuta kamba. Na mwezi mmoja nyuma alitoka damu puani, ikakata yenyewe. Nikapapasa tumbo, bandama imekuwa kubwa. Kipimo cha haraka kikaonyesha kingamwili za Ehrlichia, vimelea vya homa ya kupe ya mbwa. Kingamwili peke yake husema tu kwamba mbwa amewahi kukutana na vimelea, na Bosi naye alionyesha hivyohivyo ilhali damu yake ilikuwa nzuri. Ila ukiweka pamoja kukonda, damu ya pua, bandama na damu nyepesi, sina shaka tena. Na wenye uzoefu wa ugonjwa huu wanajua kwamba German Shepherd na chotara wao huumizwa nao kuliko mbwa wengi, kinga yao inaukabili vibaya.

Kwa hiyo Tausi aliingia kwenye foleni ile akiwa na damu isiyotosha kubeba hewa, amelala ubavuni mwa injini ambayo ilikuwa imezimwa lakini bado inatoa joto la safari nzima, ndani ya hewa iliyojaa mvuke wa pumzi zake na za mwenzake. Bosi alikuwa kwenye sakafu ya katikati, karibu na mlango, na ana damu kamili. Uzito ulimwonea Bosi, ndiyo, alishuka akiwa hoi. Lakini mengine yote yalimwelemea Tausi.

Kupe walitoka wapi? Niliwauliza, wakasema nyumbani wanaogesha mbwa kwa ratiba. Nikaenda kuliangalia gari. Nikapitisha tochi kwenye mwanya kati ya plaiwudi na fremu ya dirisha, nyuma ya kitanda. Walikuwemo, wamejipanga ndani ya mwanya, wengine wadogo kama punje ya ulezi. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia tofauti na kupe wengi wa ng'ombe: hahitaji nyasi. Anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya jengo, anashuka kwa mbwa, anajibanza ufani, anataga mayai kwa maelfu, watoto wanapanda tena kwa mbwa. Gari lenye plaiwudi na godoro kwake ni nyumba kama nyumba nyingine. Ndipo mzee alipokumbuka kwamba wakati gari liko gereji, miezi ya ujenzi, mbwa walikuwa wakilala humo usiku kulinda vifaa, pamoja na mbwa wa pale gereji. Gari lilianza kumdhoofisha Tausi kabla halijatoka hata kilomita moja.

Njia ya Arusha

Baada ya Ukerewe walikusudia kurudi Bunda, waingie lango la Ndabaka, wakate Serengeti na Ngorongoro hadi Karatu, watokee Arusha kwa watoto. Hawakujua kwamba hifadhi za taifa haziruhusu mbwa kuingia, hata akibaki ndani ya gari. Mama alikereka. "Sasa mbwa aliyefungwa kwenye gari anamdhuru nani?"

Namjibu hapa kwa kirefu kidogo kuliko nilivyomjibu siku ile. Mwaka 1994 distemper, ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa, uliwapiga simba wa Serengeti, na inakadiriwa theluthi moja yao, kama simba 1,000, walikufa. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa kufugwa waliozunguka hifadhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulirudi kuuliza kwa nini mwaka ule simba walikufa kwa wingi hivyo, maana virusi vilikuwa vimewahi kupita bila maafa. Ukaonekana mzigo wa pili: baada ya ukame mkali kupe waliongezeka, simba wakajazwa vimelea vya Babesia kwenye damu, na distemper ilipofika ikawakuta hawana nguvu. Ukifikiria kisa cha Tausi, hesabu ni ileile, mwili mmoja kubebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Na kupe anayeshuka kwenye godoro la Coaster pale Seronera, katikati ya hifadhi, haulizi kama mbwa alikuwa amefungwa.

Kuna pia sababu ya kumlinda mbwa mwenyewe. Mbung'o wa maeneo ya pori anaweza kumwambukiza nagana, yaani malale ya wanyama, ambayo kwa mbwa huanza na homa na mara nyingi kuyafanya macho kuwa na ukungu wa bluu, na dawa yake ikizidi kidogo kwa mbwa inaua. Dozi ya ng'ombe haikadiriwi kwa macho.

Njia yao basi ni ya kuzunguka: Mwanza, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, mlima wa Sekenke, Singida, Katesh, Babati, Arusha. Ni ndefu. Nimewashauri waigawe, wapumzike Singida, na kila siku gari liwe limesimama kabla ya saa tano asubuhi. Kati ya Nzega na Singida mchana hauna kivuli cha kutegemea.

Kilichobadilishwa

Fundi ameweka wavu wa chuma wa kuchomelea kwenye madirisha manne na mlango wa pili wa wavu ubavuni. Hilo ndilo dirisha nililosema nitalirudia: linaweza kuwa wazi lote, mchuuzi akapita, Bosi akabweka atakavyo, kichwa hakitoki. Feni moja ya paa imegeuzwa itoe hewa nje, ili ile ya wavuni iingie. Kifuniko cha injini kimevalishwa kinga ya joto na mbele yake pamewekwa kizuizi kifupi, Tausi hapiti. Plaiwudi ya chini imeng'olewa, mianya yote imezibwa kwa silikoni, sakafu ya mbwa ni alumini tupu na mkeka wa mpira unaofutika. Gari limepigwa dawa mara mbili kwa kupishanisha wiki, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa ya kwanza, na mbwa wote wanapewa kidonge cha kupe kulingana na uzito wa kila mmoja.

Wamekubaliana pia mmoja wao abaki na mbwa kila gari likisimama, mwingine aende kula, wapokezane. Mzee alisema hilo ndilo gumu, amezoea kula na mkewe. Nikamwambia wanunue chakula wale wote wawili chini ya wavu, nje ya gari.

Tausi alimaliza siku 28 za doksisaiklini, antibiotiki ya kutibu homa ile ya kupe, anapewa pamoja na chakula ili asitapike. Damu yake ilipimwa tena baada ya hapo, imepanda, bandama imerudi chini, na mwinuko wa nyumbani anaupanda bila kusimama. Figo hazikuguswa. Sijawaruhusu Ukerewe mwezi huu, joto bado ni la kabla ya mvua. Zikianza kunyesha watalala Kisorya usiku, mbali na ufukwe kwa sababu ya viboko wanaotoka kula majani, wavuke na kivuko cha kwanza asubuhi.